Kilo 124, mita 1.93: nichukue pikipiki gani nisionekane nimekalia baiskeli ya mtoto?

JituLaLupembe
Wakuu, heshima kwenu. Niko Njombe, nina kilo 124. Nimepima juzi kwenye mizani ya majani ya chai pale kituoni, na ile haina urafiki na mtu. Urefu mita 1.93, kiatu namba 47. Kazi yangu ni kuzungukia wakulima wa chai na parachichi, km 60 hadi 80 kwa siku, kiangazi vumbi, mvua zikianza Novemba ni utelezi mpaka uombe toba.

Pikipiki niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kichina, jina nalihifadhi. Spoki za nyuma zilikatika mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na kiti kilibonyea mpaka nikawa nasikia chesisi. Watoto wa shule wakiniona wanauliza, "Anko, imekubeba au umeibeba?"

Bajeti ni milioni 7, nikijikamua inafika 8. Siku za soko nampakia na mke wangu, kilo 70 (ameniruhusu niandike 65). Wazo langu ni kuchukua cc kubwa, 200 au 250, yaishe. Au nakosea? Nawasilisha.

kijiwe_namba4
Kuna trekta linauzwa Makambako mkuu. Lina kiti cha chuma.

BodaChapChap
Mleta mada unajisumbua bure. Mimi boda ninayoendesha ni cc 150 ya kawaida kabisa. Nabeba mishikaki, watu wawili nyuma na mimi wa tatu, siku nyingine na gunia la mkaa juu. Jumlisha hapo uone kama hatuzidi kilo 200. Wewe mtu mmoja wa 124 unaogopa nini? Chukua Boxer au TVS, spea ziko kila kona mpaka kwenye maduka ya chumvi, hela inayobaki nunua ng'ombe.

FundiSpana_Mwanjelwa
BodaChapChap, spea za kila kona nakubali, na usiidharau hoja hiyo mleta mada. Hayo mengine subiri kwanza.

Mkuu Jitu, nina miaka 14 nafungua pikipiki hapa Mbeya. Wateja wenye miili kama yako nawatambua pikipiki ikiingia tu getini: mkia uko chini, taa inaangalia juu kama inatafuta mwezi. Suala la cc liweke pembeni. Cc haikuongezei hata sentimita moja ya kiti. Zipo pikipiki za cc 200 zilizofungwa kwenye chesisi ileile ya 125, kilichobadilika ni injini na stika.

Una matatizo mawili, na watu huyachanganya. Urefu ni tatizo la magoti na mgongo. Uzito ni tatizo la springi, spoki, tairi na breki. Mtu mrefu mwembamba kama mlingoti ana la kwanza tu. Mfupi mnene ana la pili tu. Wewe Mungu kakupa yote.

Tuanze na urefu. Nenda dukani na mtu wa kukupiga picha. Kaa kwenye pikipiki, miguu juu ya vikanyagio, apige kutoka ubavuni. Goti likikunjika zaidi ya pembe mraba, yaani kisigino kinakimbilia tako, hiyo siyo yako hata kama umeipenda rangi. Dakika kumi za dukani hutasikia kitu. Baada ya km 40 utashuka unatembea kama umetoka jandoni.

Kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia. Ukigusa goti, achana nayo, maana siku utakayogeuza kwenye kichochoro chenye utelezi ndiyo utajua. Halafu simama juu ya vikanyagio kama unavuka shimo. Kama inabidi uiname mpaka mgongo ulale ndipo ushike usukani, kwa njia za huko kwenu utaumwa kiuno kila siku.

Kiatu 47: ingiza mguu chini ya kanyagio la gia. Buti lako likikwama, usiogope. Lile kanyagio limevaa kwenye meno madogo, unafungua bolti moja, mara nyingi spana namba 10, unalipandisha jino moja au mawili. Kazi ya dakika tano na watu wanateseka nayo miaka.

Uzito ni habari ndefu, nina mteja hapa, narudi jioni.

kijiwe_namba4
Nimeweka kambi hapa. Mimi nina kilo 61 lakini elimu haina mwisho.

Mwl_Hesabu
Wakati fundi anamhudumia mteja, nijibu hoja ya mishikaki kwa namba.

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi ambayo wengi hawayasomi. Bodaboda nyingi nyuma zina tairi ya 3.00-17, na utakuta pameandikwa kitu kama 50P. Herufi P ni ya kasi, mwisho km 150 kwa saa. Hiyo 50 siyo kilo 50, ni namba ya jedwali: 50 maana yake kilo 190. Ukikuta 41 ni kilo 145, 47 ni 175, 60 ni 250. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho tairi hiyo moja inaruhusiwa kubeba ikiwa na upepo wake kamili.

Sasa tupige hesabu ya makadirio. Pikipiki tupu tuseme kilo 120, na zaidi kidogo ya nusu iko nyuma, weka 64. Dereva wa kilo 124, theluthi mbili ya uzito wake inaangukia nyuma, kama 83. Jumla 147. Akiwa peke yake, tairi ya 190 inamtosha vizuri. Apande mama wa kilo 70 (au 65), yeye amekaa karibu juu ya ekseli, kwa hiyo uzito wake wote unaenda nyuma: 217. Umezidisha kilo 27, na hapo parachichi halijapakiwa.

BodaChapChap anapita na 220 au 250 kila siku na hajafa, ni kweli. Anazunguka mjini kwa kasi ndogo, na akiniambia ukweli atasema amebadilisha tairi ya nyuma na spoki mara ngapi mwaka huu.

BodaChapChap
Mwalimu umeniweza. Tairi mbili na shokapu jozi moja toka Januari. Ila spoki sijakata, mimi nazikaza mwenyewe kila Jumapili.

FundiSpana_Mwanjelwa
Nimerudi. Alichosema BodaChapChap kuhusu Jumapili kishikeni. Spoki huwa haikatiki kwa sababu mtu ni mzito tu. Moja inalegea, jirani zake zinabeba mzigo wake, zinachoka, zinakatika zikifuatana. Mtu mzito anatakiwa azigonge kwa spana ndogo kila wiki na kuzisikiliza: nzima inalia, iliyolegea inasema "dup". Ukiweza kupata rimu ya spoki nene au rimu ya kumwaga (ile ya kipande kimoja, haina spoki), amua kwa njia unayopita. Rimu ya kumwaga haikazwi wala haidai kitu, lakini shimo baya linaipasua na fundi wa kijijini hana la kufanya. Spoki zinapinda na zinarudi. Kwa njia za Njombe vijijini mimi nachagua spoki.

Sasa shokapu. Zile mbili za nyuma zina pete yenye ngazi, mara nyingi tano. Watu hununua pikipiki ikiwa ngazi ya pili na kuiuza ikiwa ngazi ya pili, hawajui kama pale panazungushwa. Ipandishe. Lakini elewa kinachotokea: springi haijawa ngumu zaidi, umeinua tu mkia ili usianze safari ukiwa umeshakaa chini. Ukifika ngazi ya tano na bado inagonga kwenye matuta, dawa ni springi nzito zaidi, ngazi zimeisha.

Utajuaje? Inua pikipiki gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka kwenye ekseli hadi alama uliyoweka kwenye bodi, wima juu yake. Kaa juu ukiwa na buti, koti na begi, mwenzako apime tena. Tofauti iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Kama gurudumu linaweza kupanda sm 12, ukikaa likae sm 3 hadi 4. Likikaa 6, nusu ya shokapu umeshaila kabla hujawasha.

Mbele kuna mafundi wanakubadilishia oili ya foki (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), wanaweka nzito, wanakwambia imekuwa ngumu. Oili nzito inapunguza kasi ya kupanda na kushuka, haishiki uzito. Kama mbele kunazama ukifunga breki, kinachotakiwa ni springi nzito, au kipande cha bomba kilichokatwa vizuri kiwekwe juu ya springi kuibana. Usikubali kipande kirefu kupita kiasi, springi itafungana kabla foki haijafika mwisho.

Mengine ambayo hakuna mtu atakwambia dukani:

Cheni ipimwe ukiwa umekaa juu. Mkia ukishuka cheni inakazana. Fundi akikukazia pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi, ukipanda wewe inakuwa waya wa gitaa, na bearing za sproketi zinalia kabla ya muda.

Taa ishushwe. Ukikaa, mwanga unapanda, unawapofua wenzako na barabara yako huioni.

Upepo: kwenye pikipiki nyingi za aina hii stika inasema nyuma PSI 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Wewe peke yako tayari ni abiria. Weka ile ya juu.

JituLaLupembe
Aisee. Fundi, kumbe taa yangu ilikuwa inatafuta mwezi kweli, nilikuwa nawasha full madereva wananitukana hata nikiweka dim.

Swali: milima je? Huku ni kupanda na kushuka mwanzo mwisho. Ndiyo maana nikasema cc 200.

FundiSpana_Mwanjelwa
Hapo ndipo cc inaingia, sasa tunaweza kuizungumza. Njombe mjini ni karibu mita 1,900 juu ya bahari. Injini ya kabureta hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000. Kwa hiyo pikipiki inayosifiwa Dar ina farasi 12, huko kwenu inakuja na kumi au pungufu, na jeti ya Dar (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta) inaifanya inywe mafuta na kutoa moshi mweusi. Ukipanda kuelekea Kitulo ndiyo zaidi.

Kabla hujalipia cc, hesabu meno ya sproketi ya mbele. Ikiwa 15, weka 14. Umeongeza mvuto kama asilimia 7 na umepunguza mwendo kasi kiasi hichohicho, ambao kwa tope la Lupembe hukuwa unautumia. Bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu watatu.

Kuteremka ni muhimu kuliko kupanda. Mwili wako ukishuka mlima na mama nyuma, breki ya drami inapata moto, inalegea, unakanyaga hakuna kitu. Tafuta yenye diski mbele. Na shuka na gia uliyopandia, injini ikushike.

ShangaziMoro
Samahani naingilia uzi wa majitu. Mimi ni mwanamke, kilo 108, urefu 1.58. Kila nikisoma nyuzi za "wanene" nakuta mnashauriana pikipiki ndefu. Nikipanda hizo miguu inaning'inia kama niko kwenye kiti cha kinyozi. Na sisi tufanyeje?

FundiSpana_Mwanjelwa
Shangazi hujaingilia, umeleta ile nusu nyingine. Kwako tatizo la kwanza halipo, liko kinyume chake. Pima mshono wa ndani wa mguu: simama ukutani na viatu vya safari, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja, pima toka kitabu mpaka chini. Usiangalie urefu wa kiti peke yake kwenye karatasi. Kiti kipana kinapanua mapaja na kukula sentimita za mguu, ndiyo maana viti viwili vya urefu mmoja, kimoja unagusa chini, kingine hugusi. Na uzito wako unakusaidia, unashusha pikipiki sm 3 au zaidi, kwa hiyo ukipandisha shokapu pandisha kidogo kidogo huku unaangalia miguu.

Tafuta yenye kiti cha chini, springi imara, na usukani unaokufuata usiokuvuta mbele. Usikubali mtu akukatie sponji ya kiti mpaka ubaki mfupa. Mnene mwenye kiti chembamba hafiki Kilosa.

ShangaziMoro
Asante kaka. Kitabu kigumu ninacho, cha kwaya.

VespaMkongwe
Na sisi wa Unguja tutie neno. Marehemu babu yangu alikuwa mtu mpana, mwili wa kuvuta ngarawa, na maisha yake yote Vespa tu. Haina tangi mbele la kugombana na tumbo wala magoti, miguu umeweka sakafuni kama uko barazani. Matairi yake ni yale ya 3.50-10, madogo, kwa shimo kubwa hayafai asilani. Lakini shangazi kwa lami ya mjini skuta aifikirie. Jitu wa Njombe asithubutu, atapanda mlima akiwa anasukuma.

NduthiMan254
Salimieni wakubwa wote, niko Nairobi. Mimi ni 1.88, kilo 115, na nimepita njia hiyo ya mleta mada. Niliishia kwa Royal Enfield Himalayan ile ya 411. Inabeba mwili bila kulalamika, na kiti chake ni mm 800 tu, si refu vile watu hufikiri wakiiona. Lakini wacha niseme ukweli: ni karibu kilo 199. Kwa lami ya kwenda Naivasha ni raha tupu. Kwa matope, ikilala, wewe na kilo zako 124 ndio mtainua kilo 199, na mko wawili tu hapo, wewe na yeye. Mtu mkubwa huwa anaambiwa atafute pikipiki kubwa. Angalia kazi kwanza bro. Kama nduthi yako inaanguka mara mbili kwa wiki, nunua ile unaweza kuinua peke yako.

JituLaLupembe
NduthiMan hapo umenigusa. Masika yaliyopita nilianguka mara nne kwa siku moja kwenye utelezi, ya nne nikakaa pembeni nikala parachichi la mteja.

Ripoti fupi: Jumamosi nilishuka Makambako na Mbeya na tepu, nikakalia kila kilichokuwa na magurudumu mawili. Wauzaji walidhani nimetumwa na serikali. Mshono wangu wa ndani ni sm 91. Pikipiki nyingi za boda goti linapanda juu ya kiuno, kwenye mbili usukani uligusa goti. Iliyonikalia vizuri ni Honda XR150L. Kiti karibu mm 825, usukani mpana, nikisimama siinami. Mbele 90/90-19, nyuma 110/90-17, nimesoma ubavuni kama Mwalimu alivyosema: 60P. Mbele ina diski. Na ni cc 150 tu, ile hesabu yangu ya 250 imekufa kifo cha kawaida.

Mpya inazidi mfuko. Lakini kuna mradi mmoja unafunga ofisi, zile pikipiki za namba za DFP (miradi ya wafadhili), wanapiga mnada mwezi ujao.

Mwl_Hesabu
60 ni kilo 250. Ile pikipiki ni kama kilo 129, nusu na kidogo nyuma weka 68, wewe 83, mama 70: 221. Umebaki na kilo 29 za parachichi. Endelea.

FundiSpana_Mwanjelwa
Mnadani usiwashe kwanza. Shika gurudumu la nyuma, livute kushoto na kulia, likicheza ni bearing au bushi za swingi (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma). Angalia chesisi pale keria inapofungwa, pikipiki za miradi zimebeba madumu na vifaa, paangalie kama pamewahi kuchomelewa. Foki zisiwe na oili kwenye nguzo. Na gusa injini, ikiwa ya moto kabla mnada haujaanza kuna mtu ameishtua mapema ili ikudanganye inawaka haraka.

BodaChapChap
Na usivae vizuri siku hiyo. Mwili wenyewe tu unapandisha bei.

JituLaLupembe
Wakuu, mrejesho. Wiki ya saba sasa.

Niliipata mnadani, siyo kwa bei niliyotaka lakini ndani ya mfuko. Chesisi safi, injini ilikuwa ya baridi, nikakumbuka fundi nikacheka peke yangu. Bushi za swingi nimebadilisha. Fundi wa makochi hapa Njombe ameniongezea kiti sm 4 kwa sponji ngumu, siyo ile laini ya mto, na akakipanua nyuma kidogo. Nilikikalia palepale dukani kwake mara tatu akitoa na kurudisha. Siku ya kwanza kiti kilikuwa kigumu kama benchi la kanisa, sasa kimenizoea. Magoti hayaumi. Kanyagio la gia nimelipandisha jino moja, nilijiona mjinga kwa miaka yote niliyokuwa nabadilisha gia na kidole gumba.

Nyuma nimepima na mke wangu akiwa ameshika tepu: nikikaa peke yangu inashuka sm 5 na nusu. Mwendo wote ni kama 15, kwa hiyo nimepita theluthi kidogo. Upepo nimeweka wa abiria na taa nimeshusha. Springi nzito bado natafuta, fundi kama una njia niambie.

Kilichobaki ni helmeti. Nimezungusha tepu kichwani juu ya nyusi, sm 63. Kila duka wananiletea L, wanaisukuma kwa kiganja wakisema itapanuka.

FundiSpana_Mwanjelwa
Haipanuki, inayopanuka ni maumivu. Wewe ni XXL, na ukiitikisa kichwa isizunguke. Springi nina mtu, nitumie kwa faragha picha ya shokapu na urefu wa springi ikiwa wazi. Helmeti za ukubwa huo huwa zinaingia mojamoja hapa Mwanjelwa. Ukija, njoo na kichwa chenyewe, usimtume mtu.

kijiwe_namba4
Lile trekta limeshauzwa lakini.